Mbwa mwenye tumbo la shida: namna ya kumhamishia kwenye nyama mbichi hapa Mwanza

Mbwa wengi wa Mwanza wamekulia ugali na dagaa, ukoko, makombo ya mezani na mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, na wanaishi hivyo miaka na miaka bila tatizo. Lakini yupo yule mmoja ambaye kila wiki choo kinamharibikia. Leo kigumu, kesho uji, keshokutwa kina ute. Usiku tumbo linanguruma mpaka unalisikia, na asubuhi anakula nyasi na kutapika povu la njano. Mwenye mbwa wa namna hii, siku moja atasikia mahali kwamba dawa ni nyama mbichi.

Inawezekana ikamsaidia. Wapo mbwa wanaotulia kabisa wakiachishwa unga, mafuta ya kukaangia na mabaki yenye vitunguu. Ila kwa maoni yangu, mara nyingi kinachowatuliza ni kula chakula cha aina moja, kila siku, kwa saa zilezile. Ubichi wenyewe unaweza usiwe na mchango wowote. Ndiyo maana mpango ulioandikwa hapa unaanza na nyama iliyochemshwa, na kama mbwa wako atatulia palepale, huna sababu ya kuendelea mbele.

Ujue pia kwamba madaktari wengi wa mifugo hawaupendi ulaji huu. Chama cha Madaktari wa Mifugo cha Marekani, kwa mfano, kimekuwa na msimamo rasmi tangu 2012 wa kuwashauri watu wasiwape mbwa nyama mbichi, kwa sababu ya bakteria kama salmonela wanaoweza kumuumiza mbwa na hata wenye nyumba. Kwetu hoja hiyo ina uzito zaidi, maana nyama ya bucha mara nyingi imening'inia bila baridi tangu alfajiri. Nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito, mzee dhaifu au mtu mwenye kinga ndogo ya mwili, iishie kwenye nyama ya kuchemsha. Vivyo hivyo mbwa aliyewahi kuugua kongosho, mwenye ugonjwa wa ini au figo, na watoto wa mbwa ambao mifupa yao bado inakua. Hao chakula chao kipangwe na daktari.

Kwanza ujue tumbo linasumbuliwa na nini

Tumbo haliharibiki kila wiki bila sababu. Mtuhumiwa wa kwanza kwetu ni minyoo: safura, minyoo mviringo, tegu. Wa pili ni giardia, kimelea kinachopatikana kwenye maji machafu ya mitaro na madimbwi. Homa za kupe nazo humkosesha mbwa hamu ya kula na kumtapisha, na watu wakadhani ni chakula.

Chukua choo cha asubuhi hiyohiyo, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, ukitie kwenye kichupa safi chenye kifuniko. Kile kilichokauka juani tangu jana hakifai. Kipeleke kwa daktari wa mifugo mapema. Kama hana darubini, muulize habari ya TVLA, Wakala wa Maabara ya Veterinari, ambao wana kituo hapa Mwanza. Dawa ya minyoo inatolewa kwa uzito, kwa hiyo usikisie: panda kwenye mizani umembeba mbwa, kisha upande peke yako, utoe.

Baada ya dawa, mpe wiki mbili akiwa kwenye chakula chake cha zamani bila kubadilisha chochote. Mbwa wengi wenye "tumbo la shida" hupona hapa, na hela ya nyama ukaiokoa.

Katika wiki hizo mbili, fanya upelelezi nyumbani. Watoto wanamtupia nini chini ya meza? Jirani anampa mabaki? Mbwa anayezurura mtaani hawezi kufuata mpango huu hata kidogo, kwa sababu akishafika jalalani hutajua kilichomharibu ni nyama yako au ni utumbo wa samaki aliouokota. Funga geti kwanza.

Nyama ipi, na inunuliwe wapi

Chagua nyama moja tu. Nyama moja kwa wiki kadhaa, hata kama unaona huruma kwamba mbwa atachoka. Mbwa hachoki, anayechoka ni wewe.

Mimi ningeanza na mnofu wa ng'ombe usio na mafuta, au mbuzi. Mafuta ndiyo yanayowashinda mbwa wa tumbo la shida kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo mwambie mwenye bucha akutolee, na ukifika nyumbani utoe tena yale aliyoyaacha. Kuku wa kisasa ni laini tumboni na bei yake inavumilika, ila nyama yake hubeba bakteria kwa wingi kuliko ya ng'ombe. Mwache kwa baadaye. Kama mbwa wako amekuwa akila mabaki ya ng'ombe miaka yote na unahisi ndiyo yanayomsumbua, basi anza na mbuzi, ili upate picha mpya.

Nunua bucha yenye nyama iliyopigwa muhuri wa mkaguzi, uende mapema kabla jua halijakomaa. Usinunue nyama iliyokwisha kusagwa. Bakteria hukaa juu ya mnofu, na mashine ya kusagia huwachanganya mpaka ndani, tena mashine yenyewe imesaga ya watu wengine kabla yako. Nunua kipande kizima, ukate mwenyewe.

Nyamafu usiguse kabisa. Ng'ombe au mbuzi aliyekufa ghafla bila kuchinjwa anaweza kuwa na kimeta, na anayekata nyama hiyo ndiye anayekuwa hatarini kwanza, kabla hata mbwa hajaonja. Kuna watu wanaona ni mali ya bure kwa mbwa. Sivyo.

Halafu kuna maini na mapafu. Ng'ombe, kondoo na mbuzi hubeba vifuko vyenye maji ndani ya viungo hivyo, ambavyo ni hatua mojawapo ya maisha ya tegu mdogo sana aitwaye ekinokoka. Mbwa akivila vibichi, tegu hao hukomaa utumboni mwake bila yeye kuonyesha dalili yoyote, kisha mayai hutoka na kinyesi. Mayai hayo yakimfikia mtoto anayecheza uani, vifuko vinaota kwenye ini au mapafu ya mtoto, vikikua taratibu kwa miaka. Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja: viungo vyote vya ndani, maini, mapafu, figo, bandama, vichemshwe mpaka viive. Moyo na firigisi vinahesabiwa kama mnofu, lakini navyo vikate uvichungulie, na ukiona kifuko chochote usimpe. Watu wa nyama mbichi wakali watakuambia kuchemsha ini ni kuvunja masharti. Waache.

Friza, na sarafu juu ya barafu

Bila friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, usianze ulaji huu. Kile kisanduku cha juu cha friji ya mlango mmoja mara nyingi hakifiki huko, hata kama kinatengeneza barafu. Nyama ikikaa kwenye baridi hiyo siku 10 mfululizo, vifuko vya tegu vilivyomo hufa. Bakteria hawafi, wanasinzia tu, na nyama ikiyeyuka wanaamka. Ndiyo maana kugandisha hakuondoi haja ya usafi.

Siku ya kununua, kata nyama vipande vya ukubwa wa kidole, gawa mafungu ya mlo mmoja mmoja, tia kwenye mifuko midogo, andika tarehe, na uipange iwe bapa ili igande haraka. Fungu la chakula cha kesho lihamishie kwenye friji usiku, liyeyuke humo. Usiyeyushe juu ya sinki, wala juani, wala kwenye maji ya moto.

Umeme nao una mambo yake, hasa ukiwa hukuwepo nyumbani. Gandisha kikombe cha maji, kisha weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu na ukiache ndani ya friza. Ukirudi safari ukakuta sarafu iko juu, nyama haikuyeyuka. Ukiikuta imezama katikati au chini ya barafu, umeme ulikatika muda mrefu ukarudi, na nyama imeyeyuka ikaganda tena. Hiyo usimpe mbwa wa tumbo la shida, hata ikinukia vizuri.

Kiasi

Mbwa mzima hula kati ya asilimia 2 na 3 ya uzito wake kwa siku. Chukua mbwa wa kilo 16, umbo la kawaida la mbwa wetu wa nyumbani: asilimia 2.5 ni gramu 400. Igawe milo mitatu wakati wa kuhamisha, baadaye miwili. Tumbo linalosumbua halipendi mlo mmoja mkubwa wa jioni, na lile povu la njano la alfajiri mara nyingi ni tumbo lililokaa tupu usiku kucha.

Gramu 400 kwa siku ni kilo 12 kwa mwezi. Piga hesabu ya bei ya bucha ya mtaani kwako kabla hujaanza, maana kuanza na kuacha katikati ndiko kunakoharibu tumbo zaidi. Kama haiwezekani, mlo wa wali laini na mnofu uliochemshwa, bila chumvi wala kitunguu, ni chakula cha heshima kabisa kwa mbwa huyu, mradi uongeze unga wa ganda la yai kama nitakavyoeleza na umuulize daktari kuhusu vitamini.

Hatua zenyewe

*Hatua ya kwanza: nyama ya kuchemsha na chakula cha zamani.* Chemsha mnofu kwenye maji matupu, acha upoe, engua mafuta yanayoganda juu. Siku mbili za mwanzo, robo ya mlo iwe nyama na robo tatu ugali au wali aliouzoea. Choo kikiwa sawa, nusu kwa nusu. Halafu robo tatu. Mbwa wa kawaida angemaliza hatua hii kwa wiki moja. Huyu mpe mbili. Dagaa, maziwa na makombo yote yameondoka tayari.

*Hatua ya pili: nyama ya kuchemsha pamoja na ganda la yai.* Unga umeondoka. Sasa ujue kwamba mnofu mtupu una fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mbwa akila hivyo kwa miezi mwili utaanza kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake. Osha maganda ya mayai, yachemshe dakika chache, yakauke, kisha yasage kwenye kinu au blenda mpaka yawe unga laini usiokwaruza ukiusugua kwa vidole. Nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama. Kaa hapa angalau wiki moja. Kama choo kimekuwa kizuri, kigumu kiasi, cheusi kahawia na kidogo kuliko zamani, una uamuzi wa kufanya: mbwa ametulia, je, unahitaji ubichi? Mimi ningebaki hapa, niongeze maini na vitamini, niendelee na maisha.

*Hatua ya tatu: kuingiza ubichi.* Kwa wanaoendelea: nyama ni ileile, kutoka bucha ileile, iliyokaa friza siku zake 10. Kijiko kimoja cha nyama mbichi kwenye mlo wa asubuhi, mingine ibaki ya kuchemsha. Asubuhi ni bora kwa sababu choo kikiharibika utakiona mchana ukiwa macho. Siku tatu bila tatizo, vijiko viwili. Endelea hivyo, ukipunguza ya kuchemsha kwa kiasi kilekile, mpaka mlo mzima wa asubuhi uwe mbichi, ndipo uhamie mlo wa jioni. Usichanganye hatua hii na kitu kingine chochote kipya, hata dawa ya kupe kama si ya lazima. Ukibadilisha vitu viwili kwa siku moja na tumbo likaharibika, utamlaumu nani?

*Hatua ya nne: ini.* Kipande cha ukubwa wa ukucha, kilichochemshwa, mara moja kwa siku. Panda polepole mpaka asilimia 5 ya chakula, yaani gramu 20 kwa mbwa wetu wa kilo 16. Usizidishe. Ini lina vitamini A kwa wingi ambayo hujilimbikiza mwilini, na kabla ya hapo litakupa choo cheusi chenye kunata kama lami. Figo ya kuchemsha kwa kiasi kama hicho inaweza kufuata wiki ya pili.

*Hatua ya tano: mfupa.* Si lazima. Ganda la yai linatosha kwa kalsiamu. Ukitaka mfupa, shingo za kuku mbichi zilizotolewa ngozi ndizo laini, na hii inakuwa nyama ya pili kwa mbwa wako, kwa hiyo mpe kwanza mnofu wa kuku peke yake siku kadhaa. Shingo mbili kwa siku zinatosha kwa kilo 16, na siku hizo ganda la yai liondoke. Mbwa anayemeza bila kutafuna, zipondeponde kwa nyundo kwanza. Mfupa wa kuku uliopikwa ni marufuku, unapasuka vipande vyenye ncha. Mifupa mikubwa ya miguu ya ng'ombe inavunja meno, hata ikiwa mibichi.

Kusoma choo

Kila asubuhi, kabla hujafagia uwanja, kiangalie. Kizuri kinashika umbo, unakiokota kwa mfuko na ardhi inabaki karibu safi. Cheupe, kinachovunjika kama chaki, mbwa anajikamua: kalsiamu au mfupa umezidi. Cheusi na laini: ini limezidi. Chenye utando wa ute mara moja baada ya kitu kipya si jambo la kutisha, utumbo unalalamika tu. Ukiendelea siku ya pili, rudi hatua moja nyuma. Cha kijivu, chenye kung'aa mafuta na harufu kali: nyama yako ina mafuta kuliko unavyodhani, na hiki usikichukulie kirahisi kwa sababu mafuta yanaweza kuamsha ugonjwa wa kongosho.

Kanuni ni kurudi nyuma, si kusubiri azoee. Kurudi nyuma maana yake ni nyama ya kuchemsha peke yake mpaka choo kiwe sawa kwa siku tatu, kisha uanze tena kwa nusu ya kiasi kilichomshinda.

Damu kwenye choo, kutapika mara kwa mara, tumbo kuvimba na kuwa gumu, kukataa maji, kulala bila kutaka kuinuka, mgongo kupinda kwa maumivu: hayo ni ya daktari siku hiyohiyo.

Samaki: tuko ziwani, lakini hapana

Utaulizwa: unanunua nyama ya nini wakati Mwaloni Kirumba kuna samaki wa kila namna? Samaki ni chakula kizuri, ila apikwe. Dagaa wetu ni wa ukoo mmoja na samaki aitwaye kapu (carp), ukoo ambao samaki wake wengi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Mbwa akilishwa samaki wa namna hiyo wabichi kwa muda mrefu anaweza kudhoofika na kupata degedege. Kuganda hakukiharibu kimeng'enya hicho, moto unakiharibu. Samaki wabichi wa maji baridi pia hubeba minyoo yao.

Dagaa wakavu waoshe mara kadhaa mpaka mchanga uishe chini ya beseni, wachemshe, umwage maji ya kwanza. Sangara ana mafuta, hasa kichwani, kwa hiyo mapanki si ya kipindi hiki. Tena miiba yake ikipikwa kawaida ni hatari kooni. Sato aliyechemshwa na kutolewa miiba ni mzuri, kidogo, mara moja au mbili kwa wiki, baada ya mbwa kutulia kabisa.

Pa kulia, mikono, na kalenda ya minyoo

Mlishe nje kwenye saruji, mahali pamoja, na usimwache peke yake. Mwewe wa Mwanza hawana aibu: ukigeuka kuchota maji, mmoja ameshashuka na kipande, na mbwa aliyezoea kuporwa anajifunza kumeza haraka, jambo ambalo ndilo hutaki. Baada ya dakika 20 ondoa kilichobaki na ukitupe. Bakuli liwe la bati au chuma cha pua, lioshwe kwa sabuni na maji ya moto, kisha jiki iliyochanganywa na maji. Ubao na kisu vya mbwa viwe vya mbwa. Watoto wasilambwe uso muda mfupi baada ya mlo, na kinyesi kiokotwe kila siku, kifukiwe au kitupwe chooni.

Majirani watasema nyama mbichi itamfanya mbwa awe mkali au apate kichaa. Kichaa cha mbwa ni virusi vinavyoingia kwa kung'atwa na mnyama mwenye ugonjwa, na kinga yake ni chanjo ya kila mwaka, ale ugali au ale nyama.

Dawa ya minyoo kwa mbwa huyu iwe na prazikwanteli, ambayo ndiyo inayoua tegu. Vidonge vingi vya bei nafuu vinaua minyoo mviringo tu, kwa hiyo soma karatasi au muulize muuzaji wa duka la dawa za mifugo akuonyeshe jina hilo kwenye boksi. Mbwa anayekula nyama mbichi apewe kila wiki sita, na tarehe iandikwe nyuma ya kadi yake ya chanjo. Miezi mitatu ikipita, mrudishe kwa daktari na orodha ya kila anachokula, kwa gramu: zinki, madini joto na vitamini E ni rahisi kupungua kwenye chakula cha namna hii, na kuzipima kwa macho haiwezekani.